Mjadala: Bomba la pili la Mzima, na Sabaki ya kiangazi

Mtoa mada: Bomba la zamani huchukua mita za ujazo 35,000 kwa siku kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa. La pili lilipangwa kwa 105,000. Tukubali? Mimi nasema lisijengwe kabla mto haujapimwa kiangazi. Mzima humwaga maji Mto Tsavo, ambao vijito vyake vya juu hutelemka kutoka Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka. Tsavo ukikutana na Athi jina linageuka Galana, na huku Malindi ni Sabaki. Jua likikaza, Athi hunywea. Tsavo hushikilia, kwa kuwa mvua ya vilima vya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano na kutoka Mzima polepole.

Mchangiaji wa pili: Ndugu, na Mombasa wanywe nini? Hizo 105,000 ni kama lita 1,200 kwa sekunde. Masika hata huzioni. Kinachotuumiza ni tope, nalo linaletwa na Athi kutoka mashamba ya Ukambani. Kaskazi hulisukuma kusini hadi kwenye matumbawe yetu, kusi hulipeleka kaskazini, ghuba ya Ungwana. Tupiganie matuta ya shambani huko juu.

Mtoa mada: Kuhusu tope sikupingi, kaka. Lakini maji ya masika yanapita tu kwenda baharini. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki, vinavyotunywesha Malindi na hao hao Mombasa, huvuta maji ya mchangani, na mchanga huo hujazwa na mto. Mto ukishuka Februari, visima navyo vinashuka. Lita 1,200 za Februari si sawa na za Mei.

Mchangiaji wa tatu: Basi pimeni, lakini si kwa ufito wa darajani Sabaki. Sakafu ya pale ni mchanga unaohama: kina kilekile leo na baada ya mafuriko si maji yaleyale. Tafuteni penye mwamba. Pimeni upana, kisha kina kila baada ya mita moja. Tupeni chupa iliyojazwa maji nusu, ihesabiwe sekunde kwa mita 20, mara tano. Kasi hiyo zidisheni kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha kwa upana na kina cha wastani. Wengi husahau hiyo 0.85, wakaupa mto maji usiyo nayo. Fanyeni hivyo siku hiyo hiyo moja kwenye Tsavo, kwenye Athi, na chini ya makutano.

Mchangiaji wa pili: Hilo nakubali. Ila mifereji ya mashamba ya Rombo, huko juu kwenye vijito vya Tsavo, nayo ihesabiwe, isiwe Mombasa peke yake.