Garratt ya EAR kwenye meza ya maonyesho: 1:87, 1:64, 1:120 au ile kubwa ya 1:22.5?

Kiberenge_TZ
Wakuu, salaam. Nataka kujenga reli ndogo ya kupeleka kwenye maonyesho, siyo ya kukaa sebuleni. Mada ni stesheni moja ya njia kuu ya Mombasa–Nairobi miaka ya 1960, Garratt za daraja la 59 za EAR (shirika la reli la Afrika Mashariki), zile injini za mvuke zenye boila moja na mitambo miwili ya magurudumu, zikivuta mizigo. Nina meza tatu za sm 120 × 60 kwa mandhari, na maficho ya treni (sehemu treni zinakosubiri bila kuonekana) yatakuwa nje ya hapo. Vyote viingie kwenye Noah iliyokunjwa viti, watu wawili wafunge kwa saa moja, na treni zitembee siku mbili mfululizo bila aibu. Nataka Garratt moja na mabehewa 12. Modeli ya EAR ya kununua tayari sijaiona, kwa hiyo bodi (umbo la nje) nitaichapisha kwa printa ya 3D na kuiweka juu ya mtambo wa injini nyingine. Kinachonikwamisha ni skeli (1:87 maana yake modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi). Naomba ulinganisho wenye namba, siyo "inategemea".

Stesheni_Masta
Karibu mkuu. Anza na geji (upana kati ya reli mbili), maana reli halisi ni mm 1000. Zidisha upana wa reli ya modeli kwa skeli uone unapata nini:

Reli ya mm 9 kwenye 1:120 inatoa mm 1080. Reli ya mm 12 kwenye 1:87 inatoa 1044. Reli ya mm 16.5 kwenye 1:64 inatoa 1056. Reli ya mm 45 kwenye 1:22.5 inatoa 1012.

Kwa hesabu, mshindi ni ile kubwa. Kwa macho ya mtu aliyesimama mita moja kutoka mezani, tofauti ya 1044 na 1056 haipo kabisa, kwa hiyo geji isikuamulie. Kinachoamua ni urefu wa treni. Daraja la 59 lilikuwa na urefu wa mita 31.7 hivi. Chukua behewa la mizigo la mita 12 pamoja na viungio vyake:

1:120 — Garratt sm 26, behewa sm 10, treni nzima mita 1.46.
1:87 — Garratt sm 36, behewa sm 13.8, treni nzima mita 2.02.
1:64 — Garratt sm 50, behewa sm 18.8, treni nzima mita 2.75.
1:22.5 — Garratt peke yake mita 1.41. Hapo usiendelee kuhesabu.

Meza zako zina mita 3.6. Njia ya kupishana inahitaji urefu wa treni, pointi (mahali treni inapobadilisha njia) mbili za sm 20 na kitu kila moja, na nafasi ya kupumua. Kwenye 1:64 na mabehewa 12, treni inajaza stesheni yote. Mtazamaji anaona behewa la mwisho likiingia huku injini ikiwa karibu kutoka. Kwenye 1:87 inakaa vizuri, na bado kuna mita moja na ushee ya mandhari tupu, ambayo ndiyo inafanya treni ionekane inatoka mbali.

Na hili watu wengi hulisahau: maficho lazima yameze treni nzima pia. Kwa 1:87 ni mita 2.1 kila upande, jumla mita 7.8 ukumbini. Mwulize mwandaaji nafasi unayopewa kabla hujanunua hata skrubu.

Bogi_Nne
Nampinga Masta kidogo. Punguza mabehewa yawe 8 na 1:64 inakupa treni ya mita 2.0, urefu uleule wa 1:87 yenye 12. Umepoteza mabehewa manne, lakini tazama ulichopata kwenye mtambo.

Magurudumu ya kuendesha ya daraja la 59 yana kipenyo cha mm 1372. Kwenye 1:64 hiyo ni mm 21.4. Sasa chukua injini ya Kimarekani ya 4-8-4 (magurudumu madogo 4 mbele, 8 ya kuendesha, madogo 4 nyuma) ya HO (modeli za 1:87 za reli ya mm 16.5), ile yenye magurudumu makubwa ya abiria: mengi yana mm 21 hadi 23, tayari yako manne kila upande, tayari yako kwenye reli ya mm 16.5. Nunua mbili zilizotumika, tupa bodi, geuza moja itazame nyuma, na una miguu ya Garratt. Nafasi kati ya gurudumu na gurudumu haitakuwa sahihi kwa milimita, ila hakuna atakayepima.

Kwenye 1:87 unatafuta gurudumu la mm 15.8 kwenye reli ya mm 12. Walio karibu ni Wajapani: injini yao ya mvuke ya D51 ina magurudumu ya mm 1400, kwa hiyo modeli ya 1:87 ya reli ya mm 12 inakaribia sana. Tatizo ni kwamba nyingi za hizo ni za shaba, zimetengenezwa kwa mkono, na unahitaji mbili. Bei utaiona mwenyewe, kaa chini kwanza.

Reli nayo ipo upande wa 1:64. Reli ya kawaida ya HO ina taruma (kipande cha kulalia chini ya reli) la mm 30 hivi. Kwenye 1:64 hiyo ni mita 1.92, urefu unaokubalika kabisa kwa geji ya mita. Kasoro ni kwamba mataruma yamesongamana. Geuza reli, kata vile viunganishi vya plastiki chini ya kila taruma kwa kisu, kisha yasogeze yaachane mm 10 au 11 kutoka katikati hadi katikati. Usikate vyote kwa mpigo, mataruma yataponyoka na utayaokota chini ya kochi wiki nzima. Kata sita, sogeza sita, bandika, endelea.

Stesheni_Masta
Hoja ya 4-8-4 naikubali, ni nzuri. Ila weka wazi shida ya mota mbili. Hata zikiwa za toleo moja hazizunguki sawa, na kwenye umeme wa kawaida wa volti 12 moja inaweza kuburuta nyingine mpaka ipate moto. Kuna njia mbili: dekoda mbili za DCC (vifaa vya kuendesha injini kwa amri za kidijitali) zenye anwani moja, zikiwa zimesawazishwa kasi, au ondoa mota moja na gia yake, upande ule uviringike tu huku ukikusanya umeme kwenye magurudumu yote. Kwa treni ya mabehewa 8 kwenye meza tambarare, mota moja yenye uzito wa risasi juu yake inatosha.

Kokoto_Laini
Mmeiruka 1:120, na mimi nina neno juu yake. Mitambo ya N (modeli za reli ya mm 9) ni rahisi kupata, mabehewa 20 yanaingia kwa mita mbili, meza ni nyepesi. Kwa mandhari kama Nyika, treni nyembamba inayopita katikati ya uwazi mkubwa, hakuna skeli inayoishinda.

Ila kwa maonyesho ya siku mbili, hapana. Ukumbi una vumbi, watu wanapita, milango iko wazi. Gurudumu la N linagusa reli kwa sehemu ndogo mno na injini haina uzito wa kusukuma uchafu kando. Utakuwa unafuta reli kila nusu saa. Na mtoto wa miaka saba ataona kiwavi mwekundu, hataona kwamba ile injini ina mitambo miwili na boila moja katikati, jambo ambalo ndilo limekuleta hapo.

Vumbi likiingia skeli yoyote: kitambaa kisichotoa nyuzi, alkoholi ya isopropili, basi. Msasa usiuguse. Unaacha mikwaruzo, uchafu unaingia humo, na saa moja baadaye reli ni chafu kuliko mwanzo. Nunua reli za aloi ya nikeli; za chuma, kwa hewa ya Tanga au Mombasa, zinashika kutu hata kabla hujabandika kokoto.

Halafu meza. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) iache. Ikinyonya unyevu kwenye ukingo inavimba na hairudi. Plaiwudi ya mm 9, fremu ya vipande vya plaiwudi hiyohiyo vya kimo cha mm 90, na uipige vanishi juu, chini na kwenye kingo zote. Watu hupaka juu tu. Upande wa chini unaendelea kunywa unyevu na meza inajikunja kama ungo.

Mpogoro_wa_Reli
1:22.5 ni ya bustanini. Kona ndogo kabisa ya LGB (watengenezaji wa treni za skeli hiyo) ina nusu kipenyo cha mm 600, na Garratt yako ni ndefu kuliko kipenyo chote cha duara hilo. Nimemaliza.

Kiberenge_TZ
Asanteni sana. Naelekea 1:64 na mabehewa 8, mota moja. Stesheni iliyonyooka, bila duara. Maswali mawili: maficho niyafanye vipi bila pointi nyingi, na reli zinavukaje kutoka meza moja hadi nyingine? Hapo ndipo nasikia wengi wanaanguka.

Bogi_Nne
Maficho: tumia kaseti, yaani vipande vya reli vya kubebeka. Chukua pembe ya alumini ya mm 15 × 15, vipande viwili sambamba juu ya ubao mwembamba, ncha za ndani zikiachana kiasi gurudumu likae bila kubana. Alumini yenyewe ndiyo reli na ndiyo inabeba umeme. Kwa treni ya mita 2.0, kaseti moja ya sm 55 kwa injini na mbili za sm 80 kwa mabehewa. Treni ikiingia, unainua kaseti ya injini, unaigeuza, unaipeleka ncha nyingine. Weka kizuizi cha sponji kila ncha. Garratt ya sm 50 ikitereza kutoka kwenye kaseti iliyoinama, hakuna gundi itakayokusaidia.

Maungio ya meza, fuata mpangilio huu. Mbao za mwisho za meza mbili zinazokutana zibane pamoja kwa jiliwa *kabla* ya kuzifunga kwenye fremu, toboa zote mbili kwa mpigo mmoja, tia pini za shaba zenye dume na jike, mbili kila ungio. Boliti za M8 zenye nati za masikio ni za kubana tu. Kulenga ni kazi ya pini. Ukitegemea boliti kulenga, tundu linapanuka na kufikia onyesho la tatu reli zimepishana nusu milimita, kiasi cha kutosha kuangusha bogi.

Kisha ukingoni kabisa mwa kila meza bandika kipande cha bodi ya saketi yenye shaba juu, kwa epoksi na skrubu mbili. Kata mfereji wa shaba katikati kwa tupa ili reli mbili zisiguswane kiumeme. Pima kwa mita ya umeme. Tandaza reli moja nzima ivuke ungio bila kukatwa, isolde kwenye shaba pande zote mbili, halafu *ndipo* uikate kwa diski nyembamba. Hapo ncha mbili zimezaliwa pamoja, haziwezi kupishana.

Jahazi_Bremen
Nyongeza mbili kutoka huku Ujerumani. Meza za FREMO (chama cha wajenzi wa reli ndogo za meza za kuunganishwa) huweka reli mita 1.3 kutoka sakafuni. Kwa watu wazima ni safi, macho yanakaa usawa wa treni, lakini watoto wanaona mbao tu. Kwa maonyesho ya familia weka mita 1.0 hadi 1.1, na kamba ya kuzuia mikono sm 50 mbele.

La pili ni bodi zako za 3D. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, inaanza kulegea karibu nyuzi 60, na gari lililofungwa juani linaweza kufika huko kwenye dashibodi. Chapisha kwa plastiki ya ABS au PETG, na sanduku la injini likae chini, kivulini.

Stesheni_Masta
Mkuu Kiberenge, kabla hujakata alumini: sm 55 alizosema Bogi Nne ni za injini tupu. Ukiweka kiungio cha Kadee mbele na nyuma na sponji pande zote mbili, zinabaki sm 2 tu za kusimamisha. Fanya 60.