Tezi 4 kati ya 22 zimekutwa na saratani: nimweleze vipi baba?

Kitindamimba: Wakubwa shikamooni. Wiki tatu zilizopita baba yetu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo (mfuko wa chakula), na tuliambiwa kwamba uvimbe wote umetolewa. Jana tumepokea majibu ya maabara yanayosema kuwa tezi za limfu 22 (vijifundo vinavyochuja limfu, yaani maji ya mwilini) zilichunguzwa, 4 zikakutwa na saratani, na seli zake zikaonekana pia ndani ya mishipa ya limfu. Sasa daktari anashauri dawa za kemotherapi. Baba anauliza dawa ni za nini ikiwa uvimbe umekwisha kutoka, nami sina la kumjibu.

Mzee wa Busara: Poleni sana. Ndiyo maana sisi wengine tunaogopa kisu, kwa sababu saratani ikishaguswa husambaa.

Tabibu Mstaafu: Marahaba mwanangu, na pole. Mzee mwenzangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe: tezi hizo 4 zilitolewa siku ile ile pamoja na uvimbe, kwa hiyo seli zilikuwa zimekwisha kufika humo kabla ya kisu.

Chini ya utando wa ndani wa tumbo kuna tabaka lenye mtandao mnene wa mishipa ya limfu. Iliyo midogo kabisa ina ukuta wa safu moja ya seli zilizolaliana kama vigae, ili maji ya mwilini yaingie kwa urahisi, na seli ya saratani hupitia humo humo. Tena saratani huweza kutoa protini iitwayo VEGF-C, inayoichochea mishipa hiyo ichipue na kutanuka. Kutoka hapo limfu hupita kwenye tezi zilizo kando ya tumbo, kisha zile zinazofuata mishipa mikubwa ya damu, na hatimaye humwagika katika mshipa wa damu ulio karibu na mtulinga wa kushoto. Ndiyo sababu madaktari hupapasa hapo.

Tezi 3 hadi 6 zenye saratani huitwa kundi la N2. Dawa hulenga seli ambazo huenda zimekwisha kuzipita tezi hizo, nazo ni ndogo mno kuonekana kwenye picha.

Wa Maabara: Naongeza kuhusu hiyo 22. Sisi huyakata mafuta yaliyotolewa pamoja na tumbo vipande vyembamba, tukiyapapasa kwa vidole kutafuta tezi, na nyingine hazizidi punje ya mtama. Inashauriwa zichunguzwe zisizopungua 16, kwani zikiwa chache, ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Hesabu ya baba inaaminika.

Kitindamimba: Nashukuru sana. Je, baba akikubali, dawa zinapaswa kuanza lini?

Tabibu Mstaafu: Mara nyingi huanza baada ya wiki kadhaa, kidonda kikiwa kimepona na mgonjwa anakula vizuri. Mwulizeni daktari wake, na mwambieni uzito wa baba wa sasa na ule wa kabla ya upasuaji.