"Unasali wapi?" Tupeane uzoefu, watu wa Bukavu

Naanza mimi. Nikitafuta nyumba Kadutu, mwenye nyumba aliniuliza swali hilo kabla ya kutaja garanti, ile pesa ya dhamana ya nyumba. Nikajibu kwamba siku hizi sisali popote. Ghafla chumba kikawa kimepata mtu. Kilikaa kitupu miezi miwili, nakipita kila asubuhi nikienda sokoni. Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya 2006, ibara ya 22, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Sawa, lakini ibara haikubebei godoro. Nanyi je?

Mama wa Bagira:
Mume wangu alifariki tukiwa tumeshatoka Katoliki, tunasali kwa Wapentekoste. Kiongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki mtaani, alikuja na daftari lake, mpole kabisa: "Mama, michango yenu ilisimama." Basi, misa hakuna. Pasta wetu naye akasema hawezi kuzika penye kasiksi, pombe ya ndizi, na wajomba walikuwa wameshaileta kutoka Kabare! Tulizika wenyewe, shemeji yangu akasoma Zaburi. Usiku wamama wa shirika wakapita mlango wa nyuma na sufuria ya sombe, majani ya muhogo. "Mama, usiseme tulikuja."

Mwalimu Msabato:
Pole sana mama. Mimi nafundisha shule ya kanisa lingine. Serikali ilichukua shule za makanisa 1974, ikawarudishia usimamizi kwa mkataba wa 1977. Ndiyo maana mshahara ni wa serikali lakini anayekupanga ni kanisa. Nikapangiwa masomo ya Jumamosi. Mwenzangu Mkatoliki ananishikia, mimi namsahihishia mitihani yake yote. Prefe, mkuu wa shule, anajua, anajifanya haoni.

Baba Ibanda:
Msituonee Wakatoliki peke yetu. Kwa wakwe zangu waliookoka, mimi na rozari yangu ni mpagani, hata kuombea chakula sipewi. Halafu mkumbuke, 1996 vita ilipofika mjini, wakubwa wengi walikimbia. Askofu mkuu wetu wa Bukavu, Munzihirwa, alibaki, akauawa Oktoba ile. Kanisa halikupata uzito huu bure.

Mwanzisha mada:
Baba, hilo nalikubali, ila mjane na daftari la michango vinahusianaje na Munzihirwa? Mama wa Bagira, wale wamama mnasalimiana bado?

Mama wa Bagira:
Barabarani, kwa kichwa tu. Sombe inaendelea kuja.