Naomba ushauri: mdahalo kuhusu polisi na magari ya deraya

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo nina mdahalo. Natetea hoja kwamba polisi wa Marekani wasipewe magari ya deraya ya jeshi. Nimeshapitia programu ya 1033 (inayowapa polisi vifaa vya ziada vya jeshi), yaliyotokea Ferguson 2014 (polisi walipokabili waandamanaji kwa magari ya deraya baada ya askari kumuua kijana Michael Brown), na agizo la Obama la 2015 la kudhibiti vifaa hivyo, ambalo Trump alilifuta 2017. Nilipokwama ni hapa: kwa upande wa deraya, agizo lile lilipiga marufuku zile zinazotembea kwa minyororo kama vifaru. Za magurudumu, yale madude marefu yaliyoundwa kuhimili mabomu ya ardhini, ziliruhusiwa kwa masharti. Mpinzani wangu atasema gari hilo linamkinga askari na risasi, na kweli linamkinga! Je, nilishambulie gari lenyewe au kanuni za kulitumia? Na hiyo "nguvu kupita kiasi" niipimeje mbele ya majaji?