Nukta za kijani bwawani: Volvox au Microcystis?

MfugaSato: Wakuu, maji ya bwawa la sato yamejaa nukta za kijani, ndogo kuliko punje ya ulezi. Bwawa lina kina cha mita 1 na huwekwa samadi ya kuku. Ni mwani wa kawaida au ule wenye sumu? Sina hadubini.

Maabara_B: Tumia chupa angavu ya lita 1. Chota maji asubuhi, acha hewa kidogo juu, zungushia karatasi nyeusi nusu ya ubavu, kisha weka kivulini karibu na dirisha kwa saa 1. Usitikise. Volvox, mwani wa kawaida, huogelea yenyewe kufuata mwanga, ikibingirika taratibu. Microcystis, ule unaoweza kuwa na sumu, haina mikia ya kuogelea. Seli zake zina vifuko vya gesi, kwa hiyo huelea na kutanda juu kama rangi ya kijani iliyomwagika.

Mwanamwani: Naongezea. Volvox ni mpira wa utelezi. Seli mamia hadi maelfu zimepangwa kwenye ngozi yake, kila moja na mikia 2. Ukipata hadubini, paka vaselini pembe nne za kioo cha kufunikia, la sivyo kitaukandamiza mpira upasuke. Ukuzaji wa mara 40 unatosha kuona watoto ndani: mipira iliyokolea kijani. Mtoto huumbika upande wa mikia ukitazama ndani, halafu hujipindua kama soksi. Akikomaa humtoboa mama na kutoka, na mama hufa.

MfugaSato: Zote zimehamia upande wa mwanga! Niweke mrututu (salfeti ya shaba) zife?

Maabara_B: Hapana mkuu, tafadhali. Zikifuata mwanga hivyo, ni Volvox. Mwani ukifa kwa mpigo, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, na alfajiri utakuta samaki wanatweta juu ya maji. Ingekuwa Microcystis ni hatari zaidi: seli zikipasuka humwaga sumu majini, na kuchemsha hakuiondoi.

Simamisha samadi. Shusha kisahani cheupe cha sm 20 kwa kamba yenye alama. Kikipotea kabla ya sm 20, mbolea imezidi, punguza maji ya zamani uingize mapya.

Mwanamwani: Kukausha bwawa nako hakuimalizi Volvox. Mayai yake yaliyorutubishwa yana ganda nene na hulala kwenye tope kavu hadi mvua irudi. Rudia kipimo cha chupa kila wiki, maana joto na fosforasi vikizidi, Microcystis huweza kushika nafasi.