Mafundi friji, hivi gesi ya mashine ya barafu inaishaje mara 3 ndani ya mwezi mmoja? Inanywewa??

Wakuu salaam. Mods naomba msiuhamishe huu uzi kwenda jukwaa la mafundi umeme, maana huko ndo wamejaa wenyewe hawa ninaowalalamikia, watafunikana.

Mimi ni nahodha wa boti ya kitalii hapa Nungwi, Unguja. Futi 38, tunapeleka wageni kuvua mkondo wa Pemba, siku nyingine kuogelea tu. Bosi anakaa Dar, anachojua yeye ni risiti. Mwezi wa saba kaja kutufungia mashine ya barafu, ile ya vipande inayokaa chini ya kaunta, umeme wa 230, karatasi yake inasema kilo 40 kwa siku. Sikuiomba ila siku ya kwanza iliponidondoshea barafu nikaipenda, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa ni kumwamsha kijana saa 9 usiku aende Malindi mjini na gari kufuata barafu la bonge, akifika huku robo ishakuwa maji na kiti cha nyuma kimelowa.

Raha ikadumu miezi miwili. Halafu vipande vikaanza kuja vidogo, vina tundu katikati, ukikibana kwa vidole kinapasuka kama ganda la yai. Nikaambiwa yupo fundi mzuri wa AC za mahoteli. Siku hiyo tulikuwa tumeenda mjini kujaza mafuta, tumefunga gatini, kaja na begi lake. Wakuu nawaapia yule mtu hakuuliza hata swali moja. Hakuuliza maji yanatoka wapi, hakuuliza umeme ni wa jenereta au wa nini, kashika bomba la shaba kwa vidole viwili hivi kama daktari anapima mapigo, kanitazama, kasema "Kapteni, gesi imekwisha."

Mie nikasema sawa, fundi ni yeye. Katoa ile valvu ya kutoboa, unaifunga kwenye bomba kwa skrubu halafu sindano inatoboa shaba, kaunganisha geji, kajaza. Kajaza kiasi gani? Anajua Mungu. Kwenye bamba la mashine pale nyuma pameandikwa kabisa aina ya gesi na GRAMU zake, ni R134a, yeye alikuwa anajaza huku anapapasa bomba mpaka likatoa jasho ndo akafunga. Laki na ishirini. Barafu ikatoka nzuri palepale na mie nikamshukuru na soda nikampa!!

Sasa hapa ndo nataka mnielewe maana hapa ndo nilipopigwa. Pale gatini tulikuwa tumechomeka mpira wa maji ya bomba, unasukuma vizuri. Tukarudi Nungwi tukawa tunatumia tenki letu na kile kipampu chetu kidogo, siku ya pili tu vipande vina tundu tena. Yaani jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye maji ya presha kubwa barafu nzima, kwenye presha ndogo barafu ina tundu, na bado sikuona kwa sababu nilishaambiwa gesi. Mtu akishakwambia gesi akili inafungwa.

Fundi wa pili nikampata kwa jamaa wa boti jirani. Na yeye gesi. Nikamuuliza mbona juzi tu imejazwa, akanijibu bila aibu "Kapteni gesi za siku hizi hazikai." HAZIKAI! Gesi ya friji sio petroli jamani, haichomwi, haitumiki, inazunguka mlemle ndani ya bomba. Kwa mama yangu Tanga kuna friji ina miaka 19 haijawahi kuongezwa gesi hata punje. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na asiyetafuta tundu akakuongezea tu gesi amekuuzia hewa. Mimi ile siku sikujua haya, nikalipa laki na thelathini. Wiki moja na nusu ikapungua tena, kaja tena, kaongeza tena, na safari hii akataka kuweka gesi nyingine ya mtungi mwekundu eti "zote ni gesi za friji zinaingiliana". Nikamkatalia kwa bahati tu kwa sababu nilisoma kwenye mtungi umechorwa moto. Wenzangu wa boti hili lishikeni. Kuna gesi za friji kama R290 na R600a zinawaka, ile ya kwanza ni propani, nduguye wa gesi ya kupikia, na zote nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja unafungua madirisha. Kwenye boti inashuka inajikusanya kwenye ngama (kule chini kabisa ya boti maji yanapojikusanya), halafu kesho yake asubuhi unawasha pampu ya ngama, cheche moja tu, mnatafutana.

Baada ya ile ya tatu mashine ikawa inaunguruma dakika kumi inakata, tik. Inapoa, inawaka, tik. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ukiigusa unaungua. Fundi wa tatu (huyu alikuja na miwani ya jua hakuivua hata ndani ya kabini) akasema kompresa imekufa, laki sita na nusu. Na kabla ya kuondoka akaona ule ukoko mweupe wa chokaa ndani akamimina dawa ya kusafishia choo. Ndani ya mashine ambayo watu wanakula barafu yake. Ile ni asidi kali, inakula mipako ya nikeli pale barafu inapoganda, na sehemu yangu moja ina mabaka mpaka leo.

Siku iliyonivunja ni hii. Wageni saba, tumepata jodari wawili, mmoja zaidi ya kilo 30, samaki anachemka kabisa maana jodari akipigana anapata moto mwilini, inatakiwa umtoe damu umtumbukize kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari apoe haraka. Ukimwacha kwenye jua anatengeneza sumu ile inayofanya watu wawashwe na uso uive, na hata ukimpika haitoki. Barafu sina. Nikasogea kwa boti ya jirani kuomba, wageni wananiangalia, nahodha mzima nimeshika ndoo kama omba omba. Mgeni mmoja bia yake ya moto kaimwaga baharini bila kusema neno. Bosi alipopata habari akakata kwenye mshahara wangu, kasema mashine ipo mikononi mwako.

Usiku ule sikulala. Nikachukua tochi na bisibisi nikaifungua mwenyewe. Mimi ni mtu wa injini sio wa friji, lakini nikajiambia naanza na maji kwa sababu barafu ni maji. Nikafunga koki, nikafungua mpira unaoingia kwenye valvu ya umeme nyuma ya mashine. Ndani ya mdomo wa ile valvu kuna kichujio kidogo cha wavu, hakizidi ukucha wa kidole gumba. KIMEZIBA. Chokaa tupu na uchafu wa kijani. Maji yetu huku ni ya visima vya kwenye mawe ya matumbawe, kila mtu anajua birika zake za chai zilivyo. Kabla ya kukisafisha nikapima, mashine ikiita maji glasi inajaa kwa karibu dakika nzima. Nikakilaza kwenye maji ya ndimu nusu saa, nikakisugua kwa mswaki, nikarudisha, glasi ikajaa kabla sijamaliza kuhesabu nane.

Ndio hivyo wakuu. Tatizo la kwanza kabisa lilikuwa HICHO. Tangu mwanzo gesi ilikuwa imejaa vizuri.

Nikachukua povu la sabuni ya kuoshea vyombo nikapaka kwenye ile valvu ya kutoboa aliyoifunga fundi wa kwanza, likaanza kububujika kama tui jikoni. Yaani bomba lilikuwa zima, yeye ndo kalitoboa, na wenzake wakawa wanajaza gesi inayotokea kwenye tundu la mwenzao. Kondensa nayo, ile ya kutoa joto nje, ilikuwa imevaa manyoya ya taulo na chumvi, huoni hata mapezi yake, na hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeinama kuiangalia. Hapo hapo imejazwa gesi kupita kiasi, haipumui, lazima kompresa ichemke ikate. Na haikuwa imekufa. Ikiwa imepoa vizuri pima kwa testa zile pini tatu, utapata namba tatu, ile kubwa iwe sawa na jumla ya mbili ndogo, na isiwepo pini inayosoma na gamba la chuma la kompresa. Yangu ilisoma sawasawa. Ningeshatoa laki sita na nusu.

Mwisho nikampata mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo. Huyo akaja na pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa na unyevu kwenye bomba) na MIZANI. Akaitoa gesi yote ya mashine akaiingiza kwenye mtungi wake, akaondoa ile valvu, akachomea, akabadilisha draya, kile kichujio cha unyevu (anasema ukishafungua mfumo draya mpya ni lazima, ile ya zamani imeshanyonya unyevu), akavuta vakyumu tukala na chakula cha mchana bado inavuta, akaangalia geji imesimama, ndo akapima gesi gramu kwa gramu kama muuza dhahabu. Bei yake ilikuwa chini ya ile niliyowapa wale wawili wa kwanza.

UPDATE: Naona mnaniuliza PM, najibu hapa hapa. Kusafisha chokaa natumia ile asidi ya ndimu ya unga, inauzwa kwenye maduka ya vitu vya keki, naiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, naizungusha, naosha, na barafu ya mizunguko miwili ya kwanza natupa. Nafanya kila mwezi kwa haya maji yetu. Kondensa kila wiki, brashi laini na maji baridi umeme ukiwa umezimwa, maji ya presha yanapinda mapezi. Na ukizima mashine usiiwashe papo hapo, ipe dakika tano.

UPDATE 2: Aliyesema ile ni mashine ya hoteli wameibandika stika ya boti, mkuu umeua. Nimetoa zile skrubu, zimeshaota kutu zote, na iliwekwa kwenye kabati lisilo na tundu hata moja la hewa, ukuta mmoja na chumba cha injini. Duka walipoona picha wakasema waranti haihusu "matumizi ya majini". Sasa boti inatumika wapi, Dodoma? Nimetoboa kabati juu na chini mwenyewe. Invata (ile ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) pia nimegundua ni ile ya bei rahisi ya umeme wa ngazi ngazi, kompresa ilikuwa inanguruma tofauti nikiiwasha kwa hiyo, saivi mashine inakula jenereta tu. Mwenye invata ya wimbi safi ya wati 2000 iliyotumika kidogo anicheki.

UPDATE 3: Fundi wa kwanza kanipigia jioni hii. Nikajua kaona uzi anataka kuomba radhi. Anauliza kama nimemtunzia ile valvu yake, ana kazi nyingine kesho Matemwe.