Je, kila dume mzee ni halali ya mwindaji?

Kila uwindaji wa kitalii unapojadiliwa, hurudi hoja ileile kwamba mwindaji mwadilifu huchagua dume mzee, ambaye amekwisha kuzaa na hana faida tena kwa kundi. Sipingi uwindaji. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, lakini Tanzania inayouruhusu ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika. Ninachopinga ni kuifanya hoja hiyo kanuni ya wanyama wote.

Kwa simba ina mashiko. Dume kijana anayemiliki kundi akiuawa, madume wageni huingia na kuwaua watoto aliowaacha, hivyo risasi moja hufuta na uzao wake. Ndiyo maana Tanzania iliweka umri wa chini wa miaka sita. Umri huo husomwa puani: pua ya simba kijana ni ya waridi, kisha madoa meusi huenea mwaka hadi mwaka, na mwindaji bingwa aliyejificha karibu na chambo hana budi kuyaona kwa darubini kabla ya kumruhusu mtalii anayemwongoza kufyatua. Jua likizama kila pua huonekana nyeusi, na hapo uadilifu ni kurudi kambini.

Tembo ni habari nyingine. Watafiti wa Amboseli, hifadhi ya Kenya iliyo karibu na mpaka wa Tanzania, ambao wamewafuatilia tembo mmoja mmoja tangu mwaka 1972, wameonyesha kwamba dume huzalisha zaidi akishapita miaka 35 hivi, anapoingia katika masti, yaani hali ya msisimko wa kutafuta majike, kwa muda mrefu, majimaji yakimchuruzika kati ya jicho na sikio, na majike wakimpendelea kuliko vijana. Mwenye pembe zinazokaribia kugusa ardhi, basi, ndiye baba wa ndama wa sasa, wala si mstaafu. Tembo hao huvuka mpaka watakavyo, na kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa wa aina hiyo waliuawa kwa vibali upande wa Tanzania, katika eneo la hifadhi ya wanyamapori ya jamii la Enduimet, wilayani Longido.

Vijiji vya huko vinahitaji mapato, na mfugaji aliyevunjiwa bomba la maji hatatulizwa kwa habari za masti. Hata hivyo, tembo hupimwa kwa uzito na urefu wa pembe, yaani kwa kipimo cha nyara, ambacho humwelekeza mwindaji kwa dume yuleyule anayezalisha. Wanaotetea vibali hivyo kwa jina la afya ya kundi watueleze kundi linanufaikaje anapoondolewa.